Anyamazaye Ana Lake

Kama una kitu mdomoni, endelea kutafuna. Kama huna, kitafute kwanza, maana hii si hadithi ya kusikilizwa mdomo mtupu.

Jambo lenyewe lilianza kwa sauti moja iliyozidi. Wachambuzi wa iliki katika ghala lile walikuwa kumi na mmoja, wote wanawake, na adhuhuri ya Jumatatu moja zilisikika sauti kumi na mbili.

Aliyegundua ni Bi Mdomo. Jina hilo alipachikwa na wenzake, wala hakulikasirikia, kwa sababu kweli angeongea tangu geti linafunguliwa mpaka linafungwa na bado akabakiza ya kwenda nayo nyumbani. Yeye ndiye aliyetoa nyimbo, wenzake wakaitikia, huu mwaka wa ishirini. Sikio lake lilimjua kila mmoja: huyu wa puani, yule anayechelewa, Kicheko wa kushoto kwake anayepanda juu kuliko uwezo wake, na kulia kwake binti yake wa kumzaa, mwenye sauti nyembamba, safi, ya kuwasimamisha wapita njia. Sasa nyuma ya hizo zote palikuwa na nyingine. Ilikuwa ya mwanamke, ya chini chini, na kila mwisho wa mstari ilikatika kwa kikohozi kidogo, hm, kama ya mtu aliyekwamwa na kitu kooni.

"Nani anakohoa?" akauliza.

"Wewe mwenyewe," Kicheko akamjibu. "Uzee unabisha hodi, shoga."

Wakacheka, na Bi Mdomo akacheka nao. Lakini alihesabu vichwa mara mbili.

Kuimba pale hakukuwa hiari. Kengele ya kuingia ikilia watu wanaanza, kengele ya kutoka ikilia ndipo wananyamaza, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ilikuwa mila ya ghala. Mama zao waliimba, bibi zao waliimba, na wimbo mkubwa ulikuwa huu:

*Mkono chukua, mkono tua,*
*mwenye sauti tunamjua.*
*Anyamazaye ana lake,*
*tumfungue kinywa chake.*

Walidhani ni utani. Mtu akinyamaza ili avute pumzi, wenzake walimnyooshea kidole: "Umekula wewe! Umekula!" Na yeye akacheka, akarudi kwenye wimbo haraka.

Ghala lenyewe lilijengwa na Kampuni, ile iliyokuja zamani na meli na mizinga kununua viungo, ikaishia kununua na wenye kuvipanda. Kuta zake zilikuwa nene, madirisha juu karibu na dari, yaingize mwanga lakini mtu asichungulie nje. Kampuni ilikwisha kwenda zake na bendera yake. Ghala likapita mkono huu na ule, mpaka likafika kwa kijana wa viatu vya ncha ambaye wote walimwita Bosi.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, mafundi wa paa walikuta kitu juu ya boriti, kimeviringishwa kwenye gunia bovu. Kilikuwa chuma: mikanda miwili ya kupita pembeni, kibamba cha mbele, bawaba, na kufuli ndogo kisogoni. Bosi alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Akakisugua kwa mafuta kikang'aa, akakitundika ukutani mbele ya safu za wachambuzi, chini yake akabandika kadi: *Kifunga-mdomo cha punda, enzi za Kampuni.*

"Wageni wanapenda vitu vya kale," alisema.

Tangu siku hiyo ghala likaanza kunuka. Asubuhi harufu ilikuwa iliki kama kawaida, lakini jua likisimama utosini, mwanga ukishuka wima kutoka kwenye yale madirisha hata nyungo zikakosa vivuli, iliingia harufu ya kutu iliyochanganyika na mate yaliyolala. Wanawake walikunja pua na kulaumu mtaro.

Binti wa Bi Mdomo alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Kichefuchefu kilikuwa kimekataa kumwachia. Jumatatu hiyo, adhuhuri, tumbo lilimpanda mpaka kooni, na kwenye ungo wake kulikuwa na iliki za kijani, nzima, zenye harufu ya kutuliza roho. Akatupa macho huku na huku. Akachukua punje moja, akaiweka shavuni, akanyamaza ili aibane kwa meno.

Ko.

Kitu kiligonga sakafu ya mbao nyuma yao, kama ncha ya fimbo.

Ko. Ko.

Bi Mdomo aligeuka. Hapakuwa na mtu. Lakini vumbi la maganda lililotanda njiani lilikuwa likitoboka kitobo kimoja kimoja, hatua baada ya hatua, likija upande wao, na ile harufu ikawa nzito kama mtu amekupumulia usoni, na wanawake, bila kuambizana, wakajikuta wanaimba kwa nguvu zaidi, shingo zimewatoka mishipa, macho yote kwenye nyungo. Vitobo vikasimama nyuma ya binti.

Mataya ya binti yakafunga. Yalifunga kwa mlio, *kach*, kama kufuli. Akashika mashavu kwa mikono miwili, macho yakamtoka, na kutoka puani mwake ikaja sauti moja tu ya kuomba. Kisha akaanguka juu ya iliki zake.

"Mwanangu!" Bi Mdomo alipiga kelele. "Mwanangu, fungua mdomo! Fungua, mama!"

Hakufungua. Hospitali walijaribu kwa dawa, kwa sindano, kwa kijiko cha chuma mpaka ufizi ukatoka damu. Picha ya mataya haikuonyesha kitu. Wakamtundikia dripu, wakasema wangoje.

"Maji haya yatamshikilia yeye kwa siku kadhaa," daktari alimwambia Bi Mdomo kando, kwa upole. "Lakini mtoto, mama, hawezi kusubiri kama sisi. Anacheza kidogo kuliko jana."

Bi Mdomo alikaa kitandani pa mwanawe siku mbili, na katika siku hizo mbili aliyepewa jina kwa sababu ya maneno hakupata hata moja. Binti alimtazama tu. Shavu lake la kushoto lilikuwa na kivimbe kidogo, ile punje, bado imo.

Jioni ya pili Kicheko alikuja. Alisimama mlangoni akisokota pindo la nguo yake, na uso wake haukuwa na kicheko hata cha dawa.

"Shoga," alinong'ona, "nisamehe kwa ninalokuambia. Binti yako anaimba kule."

"Kule wapi? Si huyu hapa?"

"Ghalani. Tumebaki tisa, na sauti tunasikia kumi na moja. Ile ya kikohozi, na ya kwake. Inatoka ukutani. Ni yake, wallahi, hakuna mwenye sauti kama ile. Na tukijaribu kupunguza, kile kifimbo kinaanza kutembea."

Binti alisikia yote. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, na mkono wake ukashuka tumboni ukabaki hapo.

"Basi," Bi Mdomo akasema. "Kesho nakwenda."

Walimpata mganga, fundi wa majini mwenye mkoba mkubwa na maneno makubwa zaidi. Bosi aliwapa saa ya chakula na onyo moja: Ijumaa wanunuzi wanakuja kutoka ng'ambo, wakikuta ghala linanuka ubani atawatimua wote. Mganga alifukiza, akachora duara kwa majivu, akawataka waimbe wimbo uleule ambao jini anaupenda, waimbe kwa nguvu, apande, aseme jina lake na anachotaka.

Wakaimba. Lo! Kumbe wanampakulia chakula chake. Mvumo ulitoka ukutani ukajaza ghala, sauti ya binti juu, ile ya kikohozi chini, fimbo katikati ikipiga mapigo, ko, ko, ko, moshi wa ubani ukalala sakafuni kama mbwa aliyefokewa, na majivu ya duara yakaanza kutoboka, kitobo, kitobo, kuzunguka miguu ya mganga, polepole, kama mtu anayekagua mali, mpaka mganga akahisi kidole baridi kinampapasa midomo.

"Huyu simuwezi," alisema, meno yanagongana. "Huyu si jini wa kutaka mbuzi wala marashi. Huyu ameajiriwa. Ni nyapara. Jini mwenye kazi haondoki kwa moshi, bibie, huondoka kazi yake ikiisha!"

Na akaondoka yeye kwanza, mkoba kichwani, kiatu kimoja kikabaki.

"La kuvunda halina ubani," Kicheko akasema. Wakatoka nje wote wakimbilie hewa.

Bi Mdomo hakutoka. Alisimama mbele ya kile chuma. Mwezi mzima huu alikuwa akikiona kwa mbali, kama mtu anavyoona saa ya ukutani. Sasa akakisogelea uso kwa uso, na kitu kikamgonga moyoni kabla hakijamfika akilini: punda gani huyu mwenye mdomo mdogo hivi?

Kile chuma kilikuwa saizi ya uso wake. Wala hapana, kilikuwa kidogo zaidi, saizi ya uso wa msichana. Ndani ya kibamba palikuwa na ulimi wa chuma wa kukandamiza ulimi wa nyama, na mikanda miwili ilikuwa imepindwa ifuate mashavu, mmoja kulia, mmoja kushoto, toka pembe ya mdomo mpaka chini ya sikio. Bi Mdomo aliijua ile mistari. Alikuwa ameipapasa kwa vidole alipokuwa mtoto wa kupakatwa.

Bibi yake mzaa mama alikuwa na makovu mawili mashavuni. Nyumbani waliambiwa ni urembo wa zamani. Bibi aliingizwa ghalani akiwa na umri wa miaka tisa, baba yake alipofia kwenye mashamba ya Kampuni, na alitoka nywele zimeingia mvi. Mama yake Bi Mdomo alisema mara moja tu, akiosha vyombo, bila kugeuka: "Kwa Kampuni, punje moja ilikuwa na thamani kuliko shavu la mtu." Mtoto hakuelewa, akaenda kucheza.

Na Bibi hakuimba. Hilo nalo lilimrudia Bi Mdomo sasa. Hata kumbembeleza mtoto, Bibi alimpigapiga mgongoni tu, kimya, na ukimwomba wimbo alisema, "Wangu niliuacha kazini." Walidhani ni mzaha wa kizee. Alikuwa na kikohozi kidogo, hm, kila akimaliza kusema. Na mdomoni mwake, mchana kutwa, mpaka siku anakata roho, alikuwa na punje ya iliki. Ukimwambia, "Bibi, nipe nami," alikupa, akakukazia macho mpaka umeimeza.

"Ile," Bi Mdomo akasema kwa sauti, peke yake katika ghala tupu. "Ile sauti ni ya Bibi yangu."

Hasira ikampanda kutoka unyayoni. Hakuwa amewahi kukasirika hivyo, si kwa marehemu mumewe, si kwa Bosi. Watoto wa watu walifungwa midomo wasimeze walichovuna wenyewe, wenzao wakaimbishwa ili nyapara ajue nani anatafuna bila hata kugeuza shingo, na wimbo huo huo wao wakaurithi, wakauita mila, wakaufundisha na watoto wao! Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiutoa. Yeye na mdomo wake huo.

Alinyoosha mkono kukiangua kile chuma. Fimbo isiyoonekana ikashuka juu ya vidole vyake, *chwa!*, na mstari mwekundu ukavimba papo hapo. Nyuma ya sikio lake kitu kikasema, taratibu, kama anayezungumza na mnyama:

"Imba."

Miguu ilitaka kukimbia. Aliizuia. Akauma vidole vyake vilivyochapwa, akatoka nje kwa mwendo wa kawaida.

Jioni aliwaita wenzake tisa nyumbani kwake, akawaambia yote.

"Kazi ya huyu nyapara ni wimbo," alisema. "Tukiimba, anajua hatuli. Tukinyamaza mmoja, anamjua wa kumfunga. Sasa tunyamaze wote. Na tule wote, mchana kweupe, mbele ya macho yake."

"Akitufunga je?" mmoja akanong'ona.

"Nina watoto wanne," Kicheko akasema. "Mimi nikifungwa mdomo, nani atawatafutia wao cha kutia mdomoni? Na Bosi naye? Siku ya wageni hasa?"

"Siku ya wageni hasa," Bi Mdomo akamjibu. "Shoga, sikiliza. Chuma kile ni kimoja, na fimbo ni moja. Alituweza kwa sababu kila mmoja alikuwa akichunga mdomo wa mwenzake. Mimi siwalazimishi. Asiyetaka, Ijumaa asije, sitamsema. Lakini mwanangu ana siku mbili au tatu, na mjukuu wangu labda hana hata hizo."

Waliondoka mmoja mmoja, na Bi Mdomo hakujua nani atakuja.

Ijumaa asubuhi alikwenda hospitali akamtoa mwanawe. Muuguzi alifoka, akaitwa daktari, daktari naye akafoka. "Nitamrudisha kabla ya alasiri," Bi Mdomo aliwaambia. "Alikofungiwa ndiko atakakofunguliwa." Akamwegemeza begani, hatua kwa hatua, mpaka getini.

Wote tisa walikuwa wamekuja. Kicheko alikuwa amekwisha kaa, uso umempauka kama unga, na alipomwona binti aliinuka akampangusia kiti. Bi Mdomo akaongeza kiti kingine, cha kumi na mbili, mwisho wa safu. Mbele yake akaweka ungo mtupu.

"Hicho cha nani?" wakamuuliza.

"Mwenyewe anajua."

Kengele ilipolia, waliimba. Waliimba asubuhi nzima kama kawaida yao. Wageni waliingia jua likiwa utosini, mwanamume na mwanamke, simu mkononi tayari kupiga picha, na Bosi mbele yao akirudi kinyumenyume kwa heshima. "Hawa ndio mama zetu," alikuwa akisema. "Huimba kutwa, kwa furaha. Ni utamaduni. Na kile pale ukutani ni cha punda—"

Bi Mdomo aliinua mkono. Wimbo ukakatika.

Wote kumi waliokuwa wakiimba walinyamaza, lakini wimbo haukuisha. Sauti mbili zilibaki hewani, zimevuliwa nguo, hazina pa kujificha: moja nyembamba na safi, ya binti aliyekaa pale kafunga mdomo mbele ya macho ya kila mtu, na moja ya chini yenye kikohozi. *Mkono chukua, mkono tua.* Mgeni mwanamke akashusha simu yake taratibu.

Ko.

"Imbeni," Bosi akanong'ona, tabasamu limemganda. "Mama, mnafanya nini? Imbeni!"

"Imbeni," ile sauti nyingine ikasema, na Bosi akageuka upesi kuangalia nani amemwigiza.

Bi Mdomo akachukua punje ya iliki. Akaiinua juu waione wote, kisha akaitia kinywani akaitafuna, kwa nguvu, kwa mlio. Fimbo ikamshukia mgongoni. Hakugeuka. Kicheko akafuata, machozi yanamtoka, akijaza kiganja kizima kana kwamba anameza dawa, kisha wa puani, kisha yule anayechelewa, safari hii hakuchelewa, na fimbo ikawa inakimbia sasa, inamchapa huyu, inarukia yule, ko-ko-ko-ko kwenye mbao, na vumbi likatimka, na kutu na mate vikajaa hewa mpaka wageni wakaziba pua kwa mikono, na mataya ya Kicheko yakashikwa nusu nusu yakaachiwa kwa sababu jirani yake alikuwa anatafuna, ya jirani yakashikwa yakaachiwa kwa sababu wa pili yake alikuwa anatafuna, nyapara hana mikono ya kutosha, hana chuma cha kutosha, na juu ya vurugu yote hiyo hakuna mwanamke hata mmoja aliyetoa sauti, walimtazama tu, pale ambapo angekuwa na uso, na mashavu yao yalikuwa yanatembea.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Siku hiyo mbao za ghala zilitetemeka.

Lakini zile sauti mbili bado ziliimba. Binti alikuwa akilegea kitini, midomo imemgeuka rangi, na sauti yake ukutani inazidi kupanda juu. Bi Mdomo akainuka. Kila hatua alichapwa, na kila hatua alitafuna. Akafika kwenye kiti cha mwisho, kile kitupu, akaweka punje moja ya kijani katikati ya ungo.

"Bibi," akasema, "kazi imeisha. Nyamaza sasa. Kula."

Ile sauti ya chini ilifika mwisho wa mstari. Hm. Haikuanza mwingine.

Punje haikuwa tena kwenye ungo. Na katika ukimya ule, wote walisikia, wazi kabisa, kutoka kwenye kiti kitupu, mtu anatafuna. Polepole, bila haraka, kama mwenye haki yake.

Sauti ya binti ilimeguka katikati ya neno. Mataya yake yakafunguka, *kach*, akavuta pumzi moja ndefu ya mtu aliyetolewa majini. Ile punje ya Jumatatu ilikuwa bado shavuni mwake, nzima. Mama yake alinyoosha kiganja aiteme. Binti akatikisa kichwa. Akaiuma, akaitafuna huku damu ya ufizi inamchuruzika kidevuni, akaimeza.

Kisha akashika tumbo kwa mikono miwili. "Mama," akasema, sauti imekwaruza lakini ni yake. "Mama, ananipiga teke."

Kile chuma kikaanguka kutoka ukutani. Kufuli yake ilipasuka vipande viwili.

Wa kwanza kupata ulimi alikuwa Bosi. "Mmeniharibia!" alifoka. "Mmekula mali mbele ya wateja! Nitawafukuza wote, mnasikia? Wote!"

"Tufukuze," Bi Mdomo akasema, akipangusa midomo. "Ukae hapa uchambue mwenyewe. Na ukichambua, Bosi wangu, uimbe, tukusikie kama huli."

Kicheko aliangua kicheko, na kile kilikuwa kicheko cha wiki nzima kilichokuwa kimekwama. Wageni walikuwa wakitazama chuma sakafuni, na yule mwanamke, polepole, alijishika shavu lake mwenyewe kupima. Bosi hakumfukuza mtu. Magunia mia mbili hayajichambui.

Tangu hapo, pale ghalani anayetaka kuimba anaimba, tena nyimbo za kutaniana na za mapenzi, na anayetaka kunyamaza ananyamaza, na hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole. Ule wimbo wa zamani hauimbwi. Kila mchana mtu mmoja huweka punje moja kwenye kiti cha mwisho. Huwa haikai.

Kile chuma Bi Mdomo alikibeba kwenye kanga yake mpaka kwa mhunzi. Mhunzi alikigeuzageuza, akauliza ni cha nini.

"Kilikuwa cha kufunga mdomo," alimjibu. "Nitengenezee upawa."

Upawa huo ndio unaopakulia chakula nyumbani kwake mpaka leo. Ndio uliompakulia mwanawe uji alipojifungua, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ni upawa mzuri, mzito, wa kurithiwa.

Ila zipo siku, adhuhuri, jua likisimama utosini na watu wamekwisha kaa kula, ambapo upawa unatikisika wenyewe ndani ya sufuria. Ko. Ko. Ko. Binti hushtuka, humvuta mtoto kifuani. Bi Mdomo hata kijiko hakiweki chini. Huuangalia tu, tonge limemjaa shavuni, akaujibu bila kumeza:

"Gonga. Sisi tunakula."